Safura na Mtoto Asiyehesabiwa: Minyoo ya Tumbo katika Historia ya Pemba

Mwaka 1870 David Livingstone alikuwa amekwama Bambarre, katika nchi ya Wamanyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Vidonda vya miguu vilimzuia kuendelea na safari, sanduku lake la dawa lilikuwa limekwisha kupotea, na maisha yake yalitegemea hisani ya wafanyabiashara wa pwani waliopiga kambi huko. Katika miezi hiyo ya kungoja aliandika daftarini mambo mengi ambayo asingeyasikia kama angekuwa na nguvu za kutembea. Mojawapo ni maelezo ya maradhi ambayo watu wa Zanzibar, asema, wanayaita safura. Mgonjwa hula udongo, na hasa ule uliokandikwa ukutani. Miguu humvimba, mwili humkonda, uso humsawajika, na hatua chache tu humkata pumzi. Maradhi hayo huwapata watumwa, lakini matajiri wenye chakula tele nao hawasalimiki. Wanawake wa Kimanyema hula udongo huo wakiwa wajawazito. Kipimo chake ni chepesi: ukucha hubinywa, na ikiwa damu haionekani chini yake, basi hiyo ni safura.

Dawa aliyoelezwa inastahili kusomwa polepole. Siki ya mnazi iliyokaa hutiwa katika bakuli kubwa, kisha hutumbukizwa humo mavi ya chuma yaliyochomwa mpaka yakawa mekundu. Huongezwa mvuje, pamoja na ile chumvi ya chuma ambayo Wazungu wa zama hizo waliitumia kutengenezea wino. Mgonjwa hunywa asubuhi kabla ya kula, na tena jioni, kwa muda wa siku saba, naye hutapika na kuhara choo cheusi. Hali nyama siku hizo. Samaki, siagi na mayai hukatazwa kwa miaka miwili. Ukiacha miiko, yaliyobaki yanafahamika vizuri kwa mtu wa maabara. Siki hula chuma, na chuma kikishayeyuka huweza kufyonzwa na utumbo. Weusi wa choo ni alama ileile wanayoiona leo wajawazito wanaopewa vidonge vya kuongeza damu. Mganga wa pwani, bila ya kujua kuwa mgonjwa wake ananyonywa damu na mnyoo wenye urefu wa sentimita moja, alikuwa akimrudishia kile hasa anachopoteza.

Livingstone mwenyewe alikuwa daktari, na bado hakuliona hilo. Alifikiri kuwa nyongo imeganda na kuziba njia yake, na kwamba udongo ni jitihada ya maumbile ya kuizibua. Yaelekea neno lenyewe ndilo lililompoteza. Safura imetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya unjano, na jina hilohilo ndilo la nyongo ya manjano katika tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu. Waliolichukua neno hili pwani walikuwa wametazama rangi ya mgonjwa, ule weupe ulioingia umanjano wa mtu aliyekwisha damu. Daktari wa Kiskoti akalitazama kwa macho ya kamusi.

Kuna jambo jingine katika maelezo hayo ambalo halimgutui msomaji mpaka ayarudie mara ya pili. Wametajwa mtumwa, tajiri, mjamzito, na hata mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa akichukua mzigo mzito wa shaba na sasa hawezi kutembea. Mtoto mdogo hayumo.

Kutokuwamo kwake hakuwezi kulaumiwa mtu mmoja. Aliyekuwa akiulizwa habari za safura ni mwanamume wa msafara, naye aliwajua wagonjwa kwa kazi walizoshindwa kuzifanya. Mtoto wa miaka miwili hana mzigo wa kuutua. Habari zake zilikuwa kwa mama, bibi na mkunga, na kwao zilikuwa na msamiati mwingine kabisa. Chango ni utumbo. Mchango ni ule mnyoo mrefu, mweupe, unaofanana na wa ardhini, ambao mtoto huutoa chooni na wakati mwingine kwa mdomo au pua. Tegu ni ule bapa, wa pingili. Mtoto anayesaga meno usiku, anayetokwa na mate, ambaye tumbo limemtuna na miguu imemkonda, aliambiwa ana mchango, naye akatiwa mbegu za papai zilizopondwa au mafuta ya mbarika. Magome ya mkomamanga yalikuwa na sifa yake dhidi ya tegu tangu zamani za tiba ya Kiarabu, na waliosoma vitabu walijua kuwa Ibn Sina alikwisha kuyagawa minyoo ya tumbo katika aina nne: mirefu, mipana, ya mviringo na midogo.

Hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mama aliuona mchango kwa sababu mchango huonekana. Mnyoo wa safura hauonekani: ni mfupi, mwembamba kama uzi, umejing'ata katika ukuta wa utumbo na hautoki ovyo. Kwa hiyo pwani ya Waswahili ilikuwa na elimu mbili zilizokaa mbalimbali. Moja, ya nyumbani, ilihusu watoto na minyoo yao. Ya pili, ya waganga na misafara, ilihusu watu wazima na upungufu wa damu. Katika ile ya kwanza palikuwa na mnyoo bila ya upungufu wa damu. Katika ile ya pili upungufu wa damu bila ya mnyoo. Leo mwanafunzi wa skuli husoma kitabuni juu ya „minyoo ya safura" na kudhani kuwa maneno hayo mawili yamekaa pamoja tangu jadi. Ndoa yao ni ya juzi, nayo ilifungwa na hadubini.

Hadubini hiyo ilifika baada ya kuzunguka sana. Angelo Dubini alimwona mnyoo huyo mjini Milan mwaka 1838, katika maiti ya mwanamke mkulima, na akaandika juu yake mwaka 1843. Mwaka 1854 Wilhelm Griesinger, aliyekuwa Misri, akauhusisha na ule upungufu wa damu uliokuwa umeenea kwa wakulima wa bonde la Naili. Mwaka 1880 wakaja wachimbaji wa handaki la Gotthard katika milima ya Alpi, waliokuwa wakianguka mmoja mmoja kwa kukosa damu. Arthur Looss, akifanya kazi Cairo katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, alimwagikiwa mkononi na maji yenye mabuu ya mnyoo huo, akahisi mwasho, na baada ya muda akayakuta mayai katika choo chake mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa mnyoo hupita katika ngozi, na kwamba kutembea pekupeku juu ya udongo wenye unyevu ndiko kuupokea. Mwaka 1899 Bailey Ashford akawapima wakulima wa Puerto Rico, ambao udhaifu wao ulikuwa ukidhaniwa ni wa lishe duni. Muongo mmoja baadaye John D. Rockefeller akatoa dola milioni moja za kuung'oa mnyoo huo katika majimbo ya kusini ya Marekani.

Ukiitazama safu hiyo utaona kuwa ni safu ya nguvu kazi: fellahi, mchimbaji, mkulima wa kahawa. Tume ya Rockefeller iliongeza kundi moja, nalo ni watoto wa vijijini kuanzia miaka 6 hadi 18. Umri huo una maana yake. Ni umri wa skuli, na skuli ni mahali ambapo watoto wamekwisha kukusanywa, majina yao yameandikwa, na mwalimu yupo wa kuwapanga mstari. Tangu hapo mtoto wa minyoo, katika fikra za waganga wa dunia, akawa mwanafunzi.

Pemba ilikuwa imeandaliwa kwa maradhi haya na historia yake ya kilimo. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiwa na sehemu kubwa ya zao hilo. Mashamba yakapanuka katika vilima na mabonde yake, kwanza kwa kazi ya watumwa, na baada ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, kwa kazi ya wakulima na vibarua. Chini ya mkarafuu pana kivuli. Mvua za masika na vuli huuweka udongo katika unyevu, joto halipungui mwaka mzima, na majani yaliyoanguka huukinga udongo na jua. Mabuu ya safura hayawezi kuomba zaidi ya hayo. Msimu wa kuchuma ulizihamishia shambani familia nzima, ambako hapakuwa na vyoo, na watoto wadogo walikwenda na mama zao, wakiokota karafuu zilizoanguka chini. Hakuna aliyewapima. Hesabu za idara za tiba za enzi ya ukoloni zilitegemea walioweza kukusanywa: waliolazwa, askari, wafungwa, vibarua, na wanafunzi wachache wa skuli chache. Mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akicheza chini ya mkarafuu hakuwa na daftari la kuandikwa.

Miaka mingi ilipita kabla ya kisiwa hicho kuwa, kwa namna yake, mojawapo ya sehemu zilizochunguzwa zaidi duniani kwa habari za minyoo. Mwanzo wake ulikuwa kichocho. Mwaka 1986 Wizara ya Afya ya Zanzibar, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ilianza mpango wa kukidhibiti kichocho Pemba kwa dawa ya prazikwanteli, na miongoni mwa walioufanyia kazi alikuwemo Lorenzo Savioli, daktari wa Kitaliano. Choo kilipokaguliwa, ikaonekana kuwa minyoo ya tumbo imeenea hata kukishinda kichocho. Mwaka 1994 mpango wa kuwapa dawa watoto wa skuli ukaanzishwa, na katika vipimo vya mwaka huo zaidi ya watoto tisa katika kila kumi walikutwa na safura. Rebecca Stoltzfus, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na Marco Albonico, Hababu Chwaya na wenzao, walikadiria kuwa asilimia 73 ya upungufu mkali wa damu wa wanafunzi wale ulitokana na mnyoo huo. Makadirio yao mengine yalisema kuwa dawa ya mebendazoli, ikitolewa mara tatu kwa mwaka kwa wanafunzi 30,000 wa Pemba, ilizuia visa 1,260 vya upungufu wa damu wa kati na mkali katika mwaka mmoja, na visa 276 vya ule mkali peke yake. Watoto 276 ni skuli nzima ya kijiji.

Mwaka 2000 ikafunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mwanaparasitolojia wa Kitaliano aliyefariki mwaka 1993. Mtu anaweza kuyatazama majina ya waandishi katika makala zilizotoka huko na kusoma ndani yake siasa ya elimu: jina la kwanza na la mwisho mara nyingi ni la Baltimore, Milan au Geneva, na majina ya Kizanzibari yamekaa katikati, kama chumvi ndani ya wali. Pia zimeandikwa kwa Kiingereza. Mpemba anayeishi Muscat au London anaweza kuisoma hali ya damu ya watoto wa kijiji alichozaliwa, lakini ni nadra kuisoma kwa lugha ambayo mama zao waliulizwa.

Maana mama hatimaye waliulizwa. Katika miaka ya 1990 ilianza kuonekana kasoro ya mpango wa skuli: mwanafunzi hunywa dawa skuli, kisha hurudi nyumbani kwa wadogo zake ambao hawakunywa, katika uwanja uleule. Uchunguzi uliofanyika Pemba ulionyesha kuwa ndani ya miezi sita baada ya kunywa dawa, minyoo ilikuwa imekwisha kurudi kwa kiasi kikubwa. Dawa huua mnyoo ulio tumboni na haigusi kilichomo udongoni. Na mchango mmoja wa kike hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, kila moja likiwa na ganda linaloweza kuliweka hai ardhini kwa miaka.

Utafiti uliofanyika Kengeja, kusini ya kisiwa, ndio uliomtoa mtoto mdogo kwenye kivuli. Walioandikishwa walikuwa wa umri wa kuanzia miezi 6 hadi karibu na umri wa kuingia skuli. Baadhi walipewa tone dogo la chuma kila siku, baadhi mebendazoli kila baada ya miezi mitatu, wengine vyote viwili, na wengine dawa bandia, kwa mwaka mzima. Ugumu wa kazi hiyo hauonekani katika majedwali. Choo cha mtoto wa mwaka mmoja hakipatikani kwa amri ya mwalimu; mama lazima akingoje, akihifadhi, na kukitoa kwa mgeni anayekuja mlangoni. Kisha kuna haraka: katika njia ya Kato-Katz, inayotumika sana kuhesabu mayai, mayai ya safura huanza kuyeyuka machoni pa mpimaji yasiposomwa ndani ya saa moja hivi, na anayechelewa njiani hukuta kioo kitupu na kuandika kuwa mtoto ni mzima.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la British Medical Journal. Yalihusu mambo ambayo hakuna chombo cha kuyapima: mtoto amesimama lini, anatembea vipi, anasema maneno gani. Yalipatikana kwa kuwauliza wazazi. Watoto waliopewa chuma walitangulia katika kusema, na wale waliokuwa na upungufu zaidi wa damu walitangulia pia katika kutembea. Maelezo ya mama, yaliyokuwa yamekaa nje ya hesabu tangu zama za Livingstone, yakaingia katika jedwali la takwimu na kuaminiwa.

Matokeo ya pili, ya mwaka 2004, yalikuwa ya ajabu zaidi. Walionufaika kwa dawa ya minyoo walikuwa hasa wale wadogo kabisa, wa chini ya miezi 30: walikonda kidogo kuliko wenzao, na wa chini ya miaka miwili walikuwa na damu bora. Na hao ndio waliokuwa na minyoo michache. Kwa hesabu ya kawaida mambo yangepaswa kuwa kinyume, kwani madhara ya minyoo hupimwa kwa wingi wake, na wingi hupanda kwa umri. Watafiti walipendekeza kuwa maambukizo ya mwanzo katika mwili ambao haujawahi kuyajua huuwasha utumbo, hupunguza hamu ya kula na kuvuruga utengenezaji wa damu hata yakiwa mepesi. Ikiwa ndivyo, mizani iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanafunzi ilikuwa inampima mdogo wake vibaya kwa miaka yote hiyo. Bibi aliyemtazama mtoto aliyekataa uji na kusema „mchango umemshika" hakuwa na hoja ya kuhesabu mayai, lakini alikuwa ametazama mahali panapofaa.

Kwa nini basi dawa hiyo haikupewa watoto wa chini ya miaka miwili tangu zamani? Jibu ni jepesi na halifurahishi. Mebendazoli na albendazoli zilipoingia sokoni, hazikuwa zimejaribiwa kwa watoto wa umri huo, na maelezo ya watengenezaji yakawakataza kwa tahadhari. Tahadhari ikageuka kuwa sheria, sheria ikageuka kuwa mazoea, na miaka ikapita bila ya mtu kutafuta ushahidi kwa sababu hakukuwa na wa kupewa. Ushahidi ulipotafutwa, sehemu yake kubwa ilitoka Pemba. Mwaka 2002 Antonio Montresor na wenzake walichapisha taarifa za watoto wa chini ya miezi 24 wa kisiwani humo: waliopewa mebendazoli hawakupata homa, kikohozi au kuharisha zaidi ya waliopewa dawa bandia. Mwaka huohuo kikao cha wataalamu wa Shirika la Afya Duniani kikakubali kuwa dawa hizo zinaweza kutolewa kuanzia umri wa miezi 12, na mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2017 ukaweka kwa watoto wa miezi 12 hadi 23 nusu ya dozi ya albendazoli, yaani miligramu 200. Kidonge hupondwa na kuchanganywa na maji, kwani kidonge kizima kinaweza kumkaba mtoto.

Habari ingekuwa nzuri kama ingeishia hapo, lakini kisiwa hichohicho kina sura nyingine ambayo ni lazima isomwe pamoja na hii. Kama chuma kidogo kiliwasaidia watoto wa Kengeja kusema, kwa nini wasipewe watoto wote? Jaribio kubwa likaandaliwa Pemba, likiwahusisha watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35. Waliochangia katika hesabu zake walikuwa 24,076. Tarehe 19 Agosti 2003, kwa ushauri wa kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wake, sehemu ya jaribio iliyohusu chuma na asidi ya foliki ilisimamishwa. Watoto waliokuwa wakipewa vidonge hivyo walikuwa wakilazwa hospitali na kufa zaidi ya wale wa dawa bandia. Taarifa ya Sunil Sazawal na wenzake, iliyotoka katika The Lancet mwaka 2006, iliweka ongezeko la maradhi makubwa au kifo kuwa asilimia 12. Sababu iliyoonekana ni malaria, iliyokuwa imeenea sana kisiwani wakati huo: chuma kinachoulisha mwili wa mtoto hukilisha pia kimelea. Katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, ambamo watoto walipimwa na kutibiwa malaria, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika.

Makala iliyotangulia, ya mwaka 2000, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba sababu za upungufu wa damu kwa watoto wa Pemba hubadilika kwa umri. Kabla ya miezi 30 hivi inayotawala ni malaria. Baada ya hapo safura huchukua nafasi. Mtoto mdogo, kwa maneno mengine, hawezi kuwa mwanafunzi aliyepunguzwa kimo, akapewa nusu ya kidonge na nusu ya hesabu. Elimu hiyo ilipatikana kwa watoto wa Pemba, na baada yake Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake juu ya kuwapa chuma watoto wa nchi zote zenye malaria nyingi. Watoto wa Ghana au Msumbiji wanaokingwa na kutibiwa malaria wanapopewa chuma wana deni kwa wenzao wa Micheweni na Mkoani ambao majina yao hayamo katika makala yoyote. Wakati ule malaria yenyewe ilikuwa haijashuka Zanzibar. Kushuka kwake kulikuja miaka michache baadaye, kwa dawa mpya na vyandarua.

Haifai kuisoma habari hiyo kama hadithi ya wakatili na wahanga. Jaribio lilikuwa na kamati ya usalama, na kamati ikafanya kazi yake. Wala haifai kuisoma kama ajali tu. Imani iliyolianzisha, kwamba kilicho kizuri kwa damu ya mkubwa ni kizuri kwa damu ya mdogo, ina umri mrefu, na mizizi yake iko katika mazoea yaleyale ya kumfikia mtoto mdogo kupitia watu wengine: kwanza kibarua, kisha mwanafunzi.

Dawa nazo zimechoka. Mwaka 2003 Albonico na wenzake waliripoti kutoka Pemba kuwa mebendazoli, baada ya miaka ya kutolewa mara kwa mara maskulini, ilikuwa ikipunguza mayai ya safura kwa kiwango cha chini kuliko miaka kumi nyuma. Mnyoo mjeledi, ambao haukuwahi kuathiriwa sana na dozi moja ya dawa hizo, bado umejaa. Ndiyo maana maabara ya Wawi imekuwa katika miaka ya karibuni mahali pa kuijaribia emodepsaidi, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa paka, na matokeo yake dhidi ya mnyoo mjeledi, yaliyochapishwa mwaka 2023, yalikuwa mazuri mno. Upande wa kichocho, Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kuikubali arprazikwanteli, namna ya prazikwanteli iliyotengenezwa kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6, miongo minne baada ya wakubwa wao kuanza kuipata dawa ya asili.

Majaribio ya emodepsaidi yameanza kwa watu wazima, kisha yakashuka hadi vijana wa miaka 12, kama inavyotakiwa na taratibu za usalama.